Asubuhi Anakumbuka, Jioni Hakujui

Shangazi yangu aliuza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, zaidi ya miaka 20. Siku hizi, saa tatu asubuhi, atakutajia nani alichukua marobota mangapi na nani hajamlipa hadi leo. Saa moja jioni binti yake anapoingia nyumbani mtaa wa Umoja, shangazi anamuuliza, "Wewe ni nani, na nani amekufungulia?" Wanawe wawili hawasemezani kwa ajili hiyo. Wa kiume huja Jumamosi asubuhi, na kwake mama hana neno. Akizidi kuambiwa, husema mama anadeka tu. Wa kike ndiye anayekesha naye.

Wote wawili wanasema walichokiona. Dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, si ugonjwa mmoja, bali ni jina la dalili zinazoletwa na magonjwa mbalimbali ya ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote, kwa kawaida huanza kula mambo ya karibuni: ya jana yanapotea, ya ujana yanabaki. Ile ya mishipa ya damu huweza kushuka ghafla baada ya kiharusi, ikatulia, kisha ikashuka tena. Ile ya sehemu ya mbele ya ubongo huweza kuacha kumbukumbu karibu salama na kuvuruga tabia, mzee mpole akaanza kutukana watu ibadani. Na ile ya miili ya Lewy, yaani vibonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya ubongo, hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja.

Basi, je, familia ya Nairobi ihangaike kutafuta ni aina gani?

Wapo wanaosema haina maana, na hoja yao ni nzito. MRI, picha ya ndani ya ubongo, inaweza kumeza kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kwa wazee sana, magonjwa mawili matatu huishi pamoja katika ubongo mmoja, hivyo jina moja huenda likadanganya. Dawa kama donepezili huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili, lakini haziponyi. Aitwe vyovyote, mama atahitaji kuogeshwa, kulishwa na kuzuiwa asitoke usiku akapotelea barabarani. Heri pesa hizo zimlipe msaidizi wa nyumbani. Nimekaa na watu waliouza ng'ombe ushago kulipia vipimo, nao wakarudi na jina tu. Siwezi kuwaambia wamekosea kulalamika.

Lakini kuna jambo moja linalonizuia kukubali. Mgonjwa mwenye miili ya Lewy huona watu au wanyama wasiokuwapo. Kwetu, mama akisema kuna watoto wamekaa kwenye kochi, mchungaji huitwa kwanza. Akifikishwa kliniki akiwa anapiga kelele, anaweza kupewa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ili atulie. Kwa wengi wenye ugonjwa huu, dawa za namna hiyo huleta madhara makali: mwili hukakamaa, fahamu hupotea, na wengine hufa. Hapo jina la ugonjwa ni ulinzi wa uhai. Tena, mzee aliyevurugika ghafla, kwa siku mbili tatu, huenda ana maambukizi ya mkojo tu, au damu imevia kichwani baada ya kuanguka, na hayo hutibika.

Mzozo huu umejengwa juu ya dhana kwamba aina hujulikana kwa mashine. Dalili kuu za Lewy ni nne: akili kupanda na kushuka, kuona yasiyokuwapo, mwili kuwa mzito kama wa mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa), na kurusha mikono na miguu usingizini kana kwamba anaishi ndoto yake. Zote huonekana nyumbani kwanza. Daktari wa dakika kumi hawezi kuziona asipoambiwa. Kuvurugika jioni peke yake hakutoshi, maana wenye Alzheimer nao hupatwa na hali hiyo. Ndiyo sababu inabidi kuandika saa, chakula, usingizi na dawa.

Mtihani wa kupima kumbukumbu na akili nao una mipaka yake. Ule maarufu wa alama 30, uliotolewa Marekani mwaka 1975, humtaka mgonjwa aandike sentensi, asome amri kwenye karatasi na kuitii, na aseme ni msimu gani. Mama ambaye hakusoma hupoteza alama kabla ugonjwa haujamgusa. Kuna pia sehemu ya kutoa saba kutoka mia, tena na tena. Mfanyabiashara wa Gikomba ataipita hiyo huku akili yake imeshaanza kuchakaa.

Kwa hiyo ningeanza na daftari la shilingi hamsini, kisha daktari na vipimo vya kawaida vya damu na mkojo. MRI ije pale ambapo daktari ataeleza jibu lake litabadilisha nini. Daftari lina kazi nyingine pia. Hati ya shamba, matibabu, mahali pa kuishi: mambo haya huamuliwa juu ya kichwa cha mgonjwa, kwa kuwa mtu alimkuta jioni. Mtu akijua saa zake njema, atamuuliza mwenyewe.

Binti wa shangazi yangu ameandika wiki tano sasa. Jumamosi iliyopita kaka yake alipofika, alimpa asome kurasa za usiku. Kisha saa nne asubuhi wakamuuliza mama anataka kulala chumba gani. Akachagua cha mbele, kile kinachoelekea barabarani.