Maegesho matupu ya baiskeli yanathibitisha nini?

Wanaopinga ombi la wafanyakazi kwamba ofisi itumie fedha kwa maegesho ya baiskeli wana hoja moja wanayoipenda: nenda kaangalie yaliyopo uone kama kuna anayeyatumia. Mara nyingi wanasema kweli. Vyuma vya kufungia baiskeli viko nyuma ya jengo, jirani na mapipa ya taka, vimejaa vumbi.

Lakini hebu kitazame chuma chenyewe. Aina inayopendwa na wanunuzi kwa kuwa ni rahisi hushika gurudumu la mbele tu. Baiskeli ikisukumwa kidogo, uzito wote hulalia rimu, na rimu hupinda. Kufuli halifiki kwenye fremu, kwa hiyo mwizi hufungua gurudumu, huliacha limefungwa palepale na kuondoka na baiskeli iliyobaki. Nani ataacha baiskeli yake hapo kutwa nzima? Ataifunga kwenye reli ya ngazi, mlinzi amkaripie, wiki inayofuata aje kwa basi. Kisha mwenye jengo anahesabu baiskeli, anapata sifuri, na sifuri hiyo inapelekwa kikaoni kama ushahidi.

Kinachotakiwa si kitu cha ajabu. Ni bomba la chuma lililopindwa mithili ya U iliyogeuzwa, likakazwa kwenye zege, kimo cha sentimita 75 hivi. Baiskeli mbili huliegemea, moja kila upande, na kufuli hupita kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Mabomba yaachane mita moja, yawe na paa, na yawe karibu na lango ambapo macho ya watu hayakosekani.

Malalamiko kwamba baiskeli zitakula nafasi ya magari ndiyo yanayonishangaza zaidi. Chukua nafasi ya gari moja, mita 2.4 kwa 4.8. Yanaingia mabomba matano, yaani baiskeli kumi. Kweli, lazima ibaki njia ya kuzitolea, ila hata gari lina njia yake ya kugeuzia, na hiyo hakuna anayeihesabu. Gari lenyewe aghalabu limemleta mtu mmoja. Sasa nani anayekula nafasi?

Wapinzani wana haki kwenye suala la moto. Betri ya lithiamu ya baiskeli ya umeme ikiharibika huwaka vikali na kuzimika kwa taabu; kuichajia chini ya ngazi ya dharura ni hatari. Kwangu hiyo ni sababu ya kutenga mahali panapofaa, nje ya njia za kutokea. Wanasema pia kwamba mifano ya Uholanzi haifai kila mahali, na ni kweli: gereji moja tu ya baiskeli kwenye kituo cha treni cha Utrecht ina nafasi 12,500 hivi kwa sababu watu wa pale wameshazoea kuendesha. Ila wafanyakazi hawajaomba 12,500. Wameomba mabomba matano, na ofisi yenye wasiwasi inaweza kuanza na hayo, mradi itoe nafasi ya gari iliyo karibu na lango, si ile ya kona ambayo hata wenye magari wanaikimbia.