Mtoto anahama na fedha, boila inabaki

Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyeletwa hapa Pennsylvania, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, amemhamishia mwanawe shule ya chata. Kijana ana kigugumizi, na darasani walikuwa wakimcheka. Aliponieleza alikuwa kama anayeomba radhi, maana anajua sikosi vikao vya bodi ya elimu, ninakolalamikia fedha zinazokwenda chata. Nikamwambia, "Dada, hujakosea lolote. Mzazi gani asingefanya hivyo?" Mimi ninagombana na sheria ya fedha, sigombani na wazazi.

Shule za chata zinaendeshwa kwa kodi za wananchi na hazitozi ada, ila zina bodi zake, hazisimamiwi na wilaya ya elimu. Minnesota ilitangulia kuzitungia sheria mwaka 1991, Pennsylvania ikafuata 1997. Huku kwetu, mtoto akihamia chata, wilaya aliyotoka ndiyo inayomlipia, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni kodi ya majengo inayotutoka sisi.

Sasa piga hesabu. Watoto 30 wakihama, hawahami darasa zima. Wanatoka wawili darasa la kwanza, watatu la nne, mmoja la nane. Hakuna chumba cha kufunga wala mwalimu wa kupunguza. Boila ya kupasha shule joto inawaka Januari vilevile, paa linavuja palepale, muuguzi analipwa mshahara uleule. Hata basi halipungui: sheria inaitaka wilaya yenye mabasi iwabebe na watoto wa chata, hadi maili 10 nje ya mipaka yake. Basi linalopita mtaani kwetu asubuhi linamchukua binti yangu na mtoto wa jirani pamoja.

Kwa hiyo kinakatwa kile kinachokatika. Mwaka juzi ilikuwa zamu ya mwalimu wa muziki. Nilimkuta binti yangu sebuleni akiifuta fidla ya shule kwa kitambaa, polepole, kamba moja baada ya nyingine, kwa sababu kesho yake alitakiwa kuirudisha.

Ukitaka kuona mambo yanaweza kufika wapi, nenda Chester Upland, jirani na Philadelphia. Ni wilaya maskini ambako karibu nusu ya watoto walikuwa chata. Mwaka 2015 hazina ilikauka, walimu wakakubali kufungua mwaka wa masomo bila mshahara. Matatizo yao yalikuwa mengi, lakini lililowaumiza sana ni malipo ya elimu maalumu. Kwa kila mtoto wa chata aliyeandikishwa kuwa na mahitaji maalumu, wilaya ilikuwa inatoa karibu dola 40,000 kwa mwaka, maana kanuni haiangalii mtoto anahitaji nini hasa. Mwenye shida ndogo ya kutamka maneno alilipiwa sawa na anayehitaji mtu wa kumhudumia kutwa nzima.

Watetezi wa chata husema fedha ni za mtoto, si za wilaya. Nakubali. Lakini paa si la mtoto mmoja, na waliobaki chini yake nao ni watoto. Massachusetts wameliona hilo: malipo ya wilaya kwa chata yakipanda, sheria yao ya 2019 inalitaka jimbo lifidie ongezeko lote mwaka wa kwanza, asilimia 60 wa pili na 40 wa tatu, wilaya ipate muda wa kujipanga. Pennsylvania nayo ilikuwa ikirudisha sehemu ya gharama, mpaka bajeti ya 2011 ilipoufuta mpango huo. Urudishwe. Na malipo ya elimu maalumu yafuate mahitaji ya mtoto.

Juzi nilimfafanulia jirani yangu kanuni hiyo, tumekaa barazani kwake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kama wanalipa hela yote hiyo kwa ajili ya mwanangu, mbona mwalimu wa kumfundisha kusema anamwona nusu saa tu kwa wiki?" Nimemwomba aje Jumanne aliulize swali hilo mbele ya bodi. Ataliuliza kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri.