Umeme kwenye ubongo kwa kifafa sugu: haiponyi, ila inasaidia

Kila ikitajwa ile oparesheni ya kupandikiza waya kwenye ubongo kwa ajili ya kifafa kisichosikia dawa, watu wanasema ya nini sasa, mtu atobolewe fuvu, awekewe betri kifuani chini ya ngozi ya kupeleka umeme kwenye ule waya, halafu bado aendelee kuanguka? Siipuuzi hoja hiyo, ila naona wengi wanaidai tiba hii kitu ambacho haikuwahi kuahidi, yani kuponya kabisa.

Tuelewane kwanza tunamuongelea nani. Kule Glasgow, Uskoti, walifuatilia wagonjwa 525, matokeo yakatoka mwaka 2000: karibu nusu walitulia na dawa ya kwanza, asilimia 14 wakatulia na ya pili au ya tatu, lakini kwa zaidi ya theluthi kifafa kiliendelea. Katika hao, kama vipimo vinaonyesha kinaanzia sehemu moja ya ubongo inayoweza kukatwa bila kumharibia mtu maongezi wala mkono, basi akatwe, huyo anaweza kupona kabisa na hapo sina ubishi. Ninayemtetea mimi ni yule ambaye kinaanzia pande zote mbili au hakijulikani kinaanzia wapi, yani dawa zimegoma na kisu hakina pa kukata.

Jaribio kubwa la watu hawa ni SANTE la Marekani, lililoongozwa na Robert Fisher wa Stanford na kuchapishwa 2010. Watu 110 waliwekewa waya kwenye thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo, kulia na kushoto, kisha 109 kati yao wakagawanywa, nusu wakawashiwa umeme nusu hawakuwashiwa, na mgonjwa hajui yuko kundi gani. Baada ya miezi mitatu mgonjwa wa katikati kwa waliowashiwa (ukiwapanga kuanzia aliyepungukiwa kidogo mpaka aliyepungukiwa sana) alikuwa amepungukiwa mara za kupata kifafa kwa asilimia 40, kwa wasiowashiwa 14.5. Hiyo ndo namba inayorushwa kila mahali, na kweli ukiiangalia peke yake haikusisimui.

Ila kuna namba nyingine ambayo watu wanairuka, ya majeraha. Ndani ya miezi hiyohiyo mitatu, kwa wasiowashiwa watu 14 kati ya 55 waliumia kwa sababu ya kifafa, kwa waliowashiwa ni 4 kati ya 54. Yeyote aliyeishi na mgonjwa wa kifafa anajua hii maana yake nini, kwa sababu kinachotisha nyumbani ni kule kuanguka kwenye moto wa jikoni, kwenye ngazi, barabarani, mtu anaungua mkono, anavunjika meno, mama anashindwa hata kwenda sokoni maana hamna wa kubaki na mwanae ambaye ni mtu mzima kabisa. Na zile kifafa kali kuliko zote nazo zilipungua. Kwa hiyo ukiniambia "bado anapata" nitakuuliza anapata ipi, na akipata anaumia?

Faida pia iliongezeka na miaka: mwaka wa pili kifafa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 56, wa tano 69, wa saba 75. Ila tuseme haki, baada ya ile miezi mitatu wote waliwashiwa, baadaye dawa zikabadilishwa, na wengine walijitoa njiani, kwa hiyo sifa yote huwezi kuupa umeme.

Upande wa pili una uzito wake. Waliolalamika sonona walikuwa 8 kwa waliowashiwa na 1 tu kwa wengine, kumbukumbu kusumbua 7 kwa 1, japo vipimo rasmi vya akili na hisia havikuonyesha tofauti kati ya makundi. Maambukizi pale kifaa kilipowekwa yalimpata kama mmoja kati ya kumi. Ndo maana jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2010 liligawanyika kura 7 kwa 5, Ulaya wakaruhusu mwaka huohuo, Marekani wakasubiri mpaka 2018.

Halafu kuna hela. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa, asilimia 80 hivi wako nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kifafa wakipimwa na kutibiwa vizuri. Kwa wizara ya afya ya kwetu fenobabito, kidonge cha kifafa cha siku nyingi, iwahi kufika zahanati kwanza, nakubali kabisa. Lakini hoja hiyo inawasaidia wale asilimia 70, huyu ambaye vidonge ameshavimaliza vyote haijamjibu kitu.

Kwa familia zinazojichanga kumpeleka ndugu yao India, mimi ningeuliza kwanza kabla ya bei: akirudi nani atakuwa anarekebisha ule umeme, betri ikiisha miaka kadhaa mbele itabadilishwa wapi, na kama alishawahi kuwa na sonona, daktari wa akili amuone kabla hata tarehe ya oparesheni haijapangwa.