Kuzunguka juu ya ziwa

Marubani wa ndege ndogo wanaorudi Entebbe kutoka hifadhi ya Kidepo, kaskazini mwa Uganda, wana lalamiko moja: njia ya kurukia ya mita 3,658 wanaiona mbele yao, tupu, nao wanaambiwa wazunguke kwanza juu ya Ziwa Victoria. Lalamiko hilo lina uzito. Rubani yuko peke yake, mafuta yanaungua, wingu la mvua linasogea, na sauti ya mnarani haitaji sababu.

Lakini kile anachokiona tupu, mwongozaji wa ndege anajua kina mwenyewe. Chukua Cessna Caravan iliyo maili 10 za baharini kutoka uwanjani, ikija kwa mwendo wa maili 90 kwa saa. Itatua baada ya dakika 6 na sekunde 40. Katika muda huo Airbus A330 ya maili 140 kwa saa inakula maili 15 na nusu. Ongeza maili 3 ili ile ndogo iwahi kuondoka njiani: kubwa inapaswa kuwa karibu maili 19 kutoka uwanjani. Ikiwa iko 16, nafasi haipo, hata kama machoni 16 ni mbali. Tena huko mbali huwa inakuja kwa kasi zaidi ya 140, wala haipunguzwi upendavyo, kwani chini ya kasi fulani mabawa hayaibebi. Ikitangulia ile kubwa, Caravan inakaa maili 6 nyuma, maana msukosuko wa hewa unaoachwa na kubwa unaweza kuipindua.

Mbona mwongozaji haelezi? Kwenye masafa ya redio huzungumza mmoja tu. Wawili wakibonyeza pamoja, wengine husikia mlio. Kwenye uwanja wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, agizo la mnara kwa ndege ya KLM kusubiri lilimezwa na mlio wa namna hiyo; ikaanza kuruka, ikagonga ndege nyingine iliyokuwa njiani, wakafa watu 583. Ni kweli, mwongozaji yule alikuwa ameanza kwa "OK", neno lisilo na maana moja, na hapo marubani wana haki ya kudai lugha sanifu.

Msaada mkubwa zaidi uko kwa rubani, katika wito wake wa kwanza: aseme anaweza kushika mwendo gani, hadi wapi. Caravan ikishika 130 mpaka maili 4, kisha 90, inatua baada ya dakika 5 na nusu hivi. Zile maili 19 zinashuka hadi karibu 16, na mwongozaji anaweza kuipitisha kwanza.