Haki za Mlaji

Yalikuwa matano. Naanza na hilo kwa sababu tangu jana Shahidi amesambaza kwenye kila kundi la WhatsApp, kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, kwamba nilibeba maandazi kumi na mawili, na kuna mtu yuko Geita, simjui hanijui, kanitumia picha ya beseni. Matano, jamani. Kama ni kuaibika, niaibike kwa hesabu sahihi.

Kigari changu mnakifahamu. Kile cha rangi ya fedha, kifupi halafu kinene, mke wangu anakiita Sato. Tulipanga kwenda nacho Sengerema kwa wakwe. Zamani nilikuwa najitetea na foleni ya kivuko, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 utetezi umekufa: kilomita kama tatu juu ya ziwa, dakika chache tu umeshafika kwa baba mkwe na hata salamu hujaipanga. Mke akasema gari haliendi ukweni bila servisi, na servisi ifanywe na walewale walioniuzia, siyo na fundi wangu wa chini ya mwembe Nyegezi. Fundi yule hana ubaya, ana kasoro moja tu. Akifungua nati nne anarudisha tatu, ukimuuliza anakwambia ile ya nne haikuwa na kazi.

Jumatatu nikapeleka. Mapokezi kuna dada mmoja ana sauti ya redio. Akalizunguka gari na fomu yake yenye mchoro, akachora duara nyuma kushoto, pale kwenye kovu nililoachiwa na bodaboda Mkuyuni. Nikasaini. Nakala nyeupe ikabaki kwao, ya njano nikapewa mimi.

"Itunze hiyo, kaka. Ndiyo ushahidi wako."

Mnaosoma kwa kurukaruka, msiiruke hiyo nakala ya njano.

Jumatano napigiwa simu, gari tayari. Oili, filta, plagi: laki moja na themanini kama tulivyokubaliana. Nageuza karatasi nakuta mstari mwingine. Bampa la mbele na kinga ya chini ya injini, kubadilisha, 340,000. Nikauliza bampa limefanyaje. Nikajibiwa kwamba lilikuja limepasuka, "tukaona tukusaidie." Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyeniuliza. Umempasua mtu asiyeumwa, halafu unamdai hela ya uzi!

Meneja wa karakana akatoa nakala yao nyeupe. Duara la nyuma lipo, wino wa bluu. La mbele nalo lipo. Wino mweusi.

"Na yako tuione, kaka."

Yangu nilikuwa nayo mfukoni. Shida ni kwamba ilikuwa imelowa mafuta, ukiishika unaona kidole cha upande wa pili, na maandishi yote yamegeuka wingu.

"Imepatwa na nini hii?"

"Mvua," nikasema.

Wiki nzima hapa Mwanza hakujadondoka tone.

Nikarudi nyumbani bila gari, na daladala. Usiku ndiyo akaja huyu ninayemwita Shahidi, kwa sababu kazi niliyompa ilikuwa ni ushahidi, siyo utangazaji. Akaniambia ndugu yangu usinyanyasike, ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ipo na Tume ya Ushindani, kazi yao ni kumlinda mlaji. Hiyo sheria sijaisoma hata jalada. Lakini neno "mlaji" lilinikaa vizuri mdomoni, nikalala nalo.

Jana asubuhi tukaenda wawili. Sebule ya wateja ilikuwa imejaa, watu hawapungui kumi, TV kubwa ukutani inaonyesha tamthilia. Mimi sikukaa. Nikasimama katikati, nikakohoa kidogo, nikaanza.

"Mimi ni mlaji! Sheria ya nchi hii inanitambua kama mlaji! Na mlaji ana haki zake!"

"Sema, baba!" mama mmoja mwenye kitenge akanipa moyo. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu akishakwambia "sema, baba," unasema hata ambavyo hukuvipanga. Nikasema nataka kamera. Kamera zote za Jumatatu.

Meneja akanisogelea. "Kaka, twende tukaangalie ofisini."

"Hapana! Wekeni kwenye TV hiyo hapo. Kila mlaji aone."

Shahidi akapiga makofi. Naomba mkumbuke hilo pia, kwamba alipiga makofi.

Kijana wa kompyuta akaweka kamera ya getini. Sato anaingia, lakini jua limepiga kioo cha kamera, mbele kote ni mng'ao mtupu. Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Nikasema nyingine. Kijana akamwangalia meneja. "Bosi, iliyobaki ni ya humu ndani."

"Weka hiyohiyo!" nikajibu mimi. Hakuulizwa mtu mwingine, nilijibu mimi.

Saa ya kwenye skrini inasoma 09:14. Naingia. Kusema kweli nilijipenda, shati limenyooka, natembea kama mwenye kampuni. Nakaa karibu na meza ya chai. Namimina chai, nakula andazi. Nakula la pili. Hadi hapo hakuna kosa, vile vitu ni vya wateja, na hayo mawili naomba yasiingizwe kwenye mahesabu ya mtu.

Halafu yule mtu kwenye TV akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama juu. Kamera ilikuwa imefungwa juu ya meza ileile, kwa hiyo alipotazama juu uso wake ulijaa skrini nzima kama picha ya pasipoti. Alitazama kamera machoni na hakuiona.

Miguu yangu ikaanza kupoa kuanzia vidoleni.

Akatoa karatasi ya njano. Akaitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja taratibu, mara mbili, kama mtu anayetandika shuka la mgeni. Akaweka andazi la kwanza. Akaweka la pili. Akachukua la tatu, akalibonyeza kwa kidole gumba. Akalifikiria. Akalirudisha kwenye sahani.

Sebule nzima ikasema "aaah!" Nawaambia ukweli, kubeba walikuwa wameshanisamehe. Ni kule kubonyeza.

Mzee mmoja mwenye baraghashia akauliza kwa upole kabisa, "Hiyo ilikuwa siku gani?"

"Jumatatu, mzee," kijana wa kompyuta akamjibu.

Mzee hakusema kitu tena. Akafuta mdomo kwa kiganja.

La tatu, la nne, la tano. Yule mtu akakunja karatasi, akaijaribu mfuko wa suruali, haikuingia. Akaijaribu mfuko wa shati, ikaingia nusu, akabaki na kifua kimoja. Nikaanza kumwombea. Toka, ndugu yangu. Toka sasa hivi. Akafika mlangoni, nikashusha pumzi. Akarudi. Alirudi kuchukua tishu.

"Si nilisema!" Sauti ilitoka nyuma yetu. Dada wa chai, ameshika chupa mbili, moja kila mkono. "Si nilisema mimi! Mkanikata buku! Mkasema nakula mwenyewe! Huyo hapo!"

Na wala hakunyoosha kidole, mikono ilikuwa imejaa. Alininyooshea chupa.

Nikageuka nimtafute Shahidi wangu aniokoe na lolote lile. Nikamkuta ameinua simu, anarekodi, machozi yanamtoka.

Mimi nikawahi. "Basi, inatosha. Nimeelewa. Nalipa hiyo laki tatu na arobaini, nalipa sasa hivi, zimeni." Nilishatoa na simu nilipe. Naapa ningelipa hata laki tano. Lakini meneja alikuwa amekunja uso, anakaribia TV.

"Rudisha nyuma. Kabla hajaweka la kwanza. Hapo hapo, simamisha. Kuza."

"Meneja, nimesema nalipa..."

"Kuza tena."

Skrini nzima ikawa mkono wangu. Kucha zangu, pete yangu ya ndoa, na chini ya kiganja karatasi ya njano, mchoro wa gari umeonekana wote. Nyuma kushoto, duara. Mbele, hakuna kitu. Peupe.

Kimya. Kisha mama wa kitenge akasimama, akasogea hadi karibu na TV, akahesabu kwa kidole.

"Duara ni moja," akasema. "La mbele halipo. Mpeni haki yake." Akanigeukia, akaniangalia juu hadi chini. "Ni mlaji kweli huyu."

Yaliyobaki nayapitisha haraka, nina kazi zangu. Kijana mmoja aliyeko mafunzoni pale karakana akakiri kwamba aliishusha mashine ya kunyanyulia gari wakati stendi bado imesimama chini ya pua ya Sato. Nani alichora duara jeusi, meneja alisema ni mambo ya ofisi, nami sikuwa na sauti ya kudai zaidi. Laki tatu na arobaini ikafutwa. Nikalipa servisi yangu, nikampa dada wa chai buku yake na elfu tano juu, akapokea bila asante na ana haki. Shahidi alirudi kwenye gari langu, akakaa kiti cha mbele, na hadi Mkuyuni alikuwa ameshawatumia watu mia mbili.

Kesho tunakwenda Sengerema. Mama mkwe kapiga simu alfajiri ya leo, akaamkua vizuri, akauliza habari za watoto, halafu akauliza tukifika anikaangie mangapi. Mke wangu aliweka simu kwenye spika.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwa sababu Shahidi bado anaandika "kumi na mawili" mpaka saa hizi. Nilipokuwa naondoka, yule dada mwenye sauti ya redio alinichapia ankara mpya. Oili. Filta. Plagi. Bampa na kinga, sifuri. Na chini kabisa, kabla ya jumla, mstari mmoja ambao sikuuomba:

Vitafunwa (5): 0.00

Muhuri upo, sahihi ya meneja ipo. Nimeipiga picha, na karatasi yenyewe nimeiweka kwenye faili la plastiki, kabatini, mbali na jiko.