Udaku wa siasa uende ofisini, si chumbani

Mombasa kuwasimanga wakubwa hakukuanza na simu. Zamani za Mazrui, waliokuwa watawala wa mji, Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya siasa akimpiga vijembe Seyyid Said, sultani wa Omani, na mji ukayashika kwa moyo. Kwa hiyo ninapowaona vijana wa leo wakiandika udaku wa siasa kwenye blogu zao, mheshimiwa akigeuzwa kichekesho kabla hajamaliza hotuba, nafurahi. Barazani Kibokoni watu wanasomeana kwa sauti, na mzee asiyenunua gazeti anajua nani kahama chama na kwa ahadi gani.

Lakini kinachovuta wasomaji wengi ni habari za chumbani, na hapo ndipo ninapogombana nao. Hata Marekani ilikuwa hivyo: Wonkette, blogu ya udaku wa siasa iliyoanza Washington mwaka 2004 chini ya Ana Marie Cox, ilipata jina mwaka huohuo kwa mkasa wa mapenzi wa mfanyakazi mmoja wa Seneti. Kwetu mzigo humwangukia mwanamke. Mwanamume akigombea ubunge huulizwa pesa kazitoa wapi. Mwanamke huulizwa analala na nani. Huo ni umbea, tena ni uonevu.

Na unawapa wakubwa fimbo. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta, ilipotungwa mwaka 2018, iliruhusu anayechapisha habari za uongo kwa makusudi atozwe hadi shilingi milioni 5, au afungwe, na kila uzushi ni kisingizio kipya cha kutetea sheria za aina hiyo. Wanaoumia hawawi wazushi peke yao. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alihukumiwa kifungo mwaka 1969 kwa kijitabu cha kuihoji serikali. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa kwa sababu ya maneno juu ya mkubwa wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi.

Ikiwa mtu anaweza kulipa gharama hiyo kwa kuandika, basi na aandike la maana. Nipeni kejeli ya zabuni, ya basari zinazogawiwa kwa kujuana, ya zahanati iliyokatwa utepe na dawa hamna. Mwandikeni mheshimiwa akihesabu magari ya msafara wake huku mifereji ya Kisauni haitoi maji. Mkewe na wanawe waacheni.