Kabla ya Kushangilia Urani ya Namtumbo, Tuonyesheni Fedha za Kufukia

Juma lililopita, katika mjadala wa redio kuhusu uchimbaji wa urani Namtumbo, msikilizaji mmoja alipiga simu kutoka Songea akauliza mabaki ya mgodi yatawekwa wapi. Mgeni aliyekuwa studio, aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa uwekezaji, alimjibu kwamba mabaki ni udongo ule ule uliotoka ardhini, hivyo utarudishwa ardhini na habari itaishia hapo. Mtangazaji akatupeleka kwenye matangazo ya sabuni. Jibu lile halijanishuka kooni hadi leo.

Udongo ule ule kwa namna gani? Katika tani moja ya mbale, yaani mwamba wenye madini, ya Mto Mkuju, ulipo mradi huu wa Namtumbo, kuna urani isiyofika nusu kilo. Kinachosalia, yaani karibu tani nzima, huwa kimesagwa hadi kuwa unga, kimeloweshwa kwa kemikali na kumwagwa bwawani kikiwa tope. Urani imeondoka, lakini thoriamu na rediamu, metali zenye mionzi zilizotokana nayo, zimebaki, nazo hubeba takriban asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwa ndani ya mwamba. Thoriamu-230 inahitaji miaka 75,000 hivi ili nusu yake tu iishe, na wakati wote huo inaendelea kuzaa rediamu, ambayo nayo hutoa radoni, gesi yenye mionzi. Mwamba mgumu uliojilalia chini ya ardhi haupeperushwi na upepo wala hauchuruziki na mvua za masika, ilhali unga unafanya yote mawili, na maji ya ukanda ule huelekea Luwegu, ambao hukutana na Kilombero ukawa Rufiji.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wanaotangaza kuwa Ruvuma yote itaugua saratani wanatia chumvi. Mbale ya kiwango cha chini si Chernobyl, na hatari ya tope hili huja polepole, kwa njia ya vumbi, gesi na maji ya chini ya ardhi. Nakiri pia kwamba ajira zinahitajika. Hata hivyo, hatari inayokuja polepole ndiyo inayowapata wenye leseni wakiwa wameshaondoka, na hapo ndipo ulipo ugomvi wangu.

Tuwatazame Wamarekani, ambao hakuna atakayesema hawana wataalamu wala kanuni. Kanuni yao ya mabaki ya urani inataka kifuniko cha rundo la mabaki kidumu hadi miaka 1,000 kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote kisipungue miaka 200. Ni maneno mazuri sana kwenye karatasi. Sasa njooni Moab, mji mdogo wa jimbo la Utah. Kiwanda cha kuchenjua urani kilianza kazi pale mwaka 1956, kikafungwa mwaka 1984, na kikaacha kando ya Mto Colorado rundo la tani milioni 16 lisilo na utando wowote wa kuzuia maji chini yake. Kampuni ya Atlas, iliyokuwa na leseni, ilifilisika mwaka 1998. Dhamana iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kufunga eneo haikufika dola milioni 10. Ilibidi Wizara ya Nishati ya Marekani ibebeshwe mzigo huo, na kuanzia mwaka 2009 tope likawa linapakiwa kwenye makontena na kusafirishwa kwa treni umbali wa kilomita 48 hivi hadi Crescent Junction, kazi iliyoendelea kwa zaidi ya miaka 15 na ambayo makadirio ya gharama zake yalifikia karibu dola bilioni 1. Aliyelipa ni mlipakodi, ambaye hakuwahi kuona hata senti ya faida ya urani ile.

Kwa hiyo kiwango cha usalama bila fedha zilizotengwa ni shairi tu. Mwenye nyumba wa Sinza hakukabidhi funguo za chumba kimoja mpaka umemlipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, lakini tunapogawa bonde zima tunaona haya kuuliza dhamana ni kiasi gani. Sheria yetu ya madini inaitambua dhamana ya ukarabati wa eneo baada ya uchimbaji. Ninachodai ni kwamba kiasi chake kitangazwe, kikokotolewe kwa bei ambayo mkandarasi wa nje angetoza endapo mwenye leseni atatoweka, kihakikiwe kila mwaka kadiri tope linavyoongezeka, na fedha zikae mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa hata ikifilisika.

Msiniambie kwamba kampuni kubwa haziwezi kutetereka. Mgodi wa Kayelekera, huko Karonga nchini Malawi, ulifunguliwa mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2014 kwa sababu bei ya urani ilikuwa imeporomoka baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Mradi wetu wenyewe wa Mto Mkuju ulipata leseni mwaka 2013, kisha ukalala usingizi wa pono hadi kiwanda cha majaribio kilipozinduliwa Julai 2025. Soko linaloweza kuulaza mradi miaka yote hiyo linaweza pia kuuacha njiani ukiwa na bwawa lililojaa.

Kuhusu uimara wa mabwawa yenyewe, aliyeona picha za Mwadui mwaka 2022, tope la mgodi wa almasi likiwa limefunika nyumba na mashamba ya watu, hahitaji mhadhara wangu. Kuhusu Selous, ambayo mpaka wake ulirekebishwa na Kamati ya Urithi wa Dunia mwaka 2012 ili kuupisha mradi huu, yaliyopita si ndwele, ingawa roho bado inaniuma.

Watasema Tume ya Nguvu za Atomiki ipo Arusha, na kwamba sheria yake ya mwaka 2003 inatosha. Tume ina wataalamu wa kupima mionzi, nami sina shaka na vipimo vyao, lakini kipimo hakimlipi dereva wa greda atakayeyafukia mabaki. Kiwanda cha majaribio ndicho mahali pa kuanzia, kwa kuwa mabaki yake bado ni machache na hesabu ya kuyafukia inaweza kukamilika mapema. Hesabu hiyo, pamoja na kiasi cha dhamana na jina la benki inayoishikilia, ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, Likuyu Seka, kabla leseni nyingine yoyote haijatiwa saini.